Mwongozo kamili wa kutoboa The Two Towers ya PS2, kuanzia Isildur mpaka ghorofa ya mwisho ya Orthanc

Wakuu, gemu nyingi zilizotolewa kwenye sinema zipo kuchukua hela za watu tu, jina kubwa kwenye kava halafu ndani hamna kitu. The Lord of the Rings: The Two Towers ya PS2 haimo kwenye hilo kundi. Ni ya zamani kweli, waliitengeneza Stormfront Studios, EA wakaitoa Oktoba 2002, yaani sinema yenyewe ilikuwa haijaingia hata kumbini maana ile ilitoka Desemba, ila mpaka leo ukiiwasha inashika. Ni gemu ya kukata na kukatakata maorki, wale viumbe wabaya wa jeshi la adui, full stop, hamna kuzurura mjini wala kuongea na wanakijiji, unaingia steji unapigana unatoka.

Jina limekaa kama la sinema ya pili lakini ndani wameweka sinema mbili, ya kwanza na ya pili, ndio maana utakuta steji za Weathertop na Moria, za sinema ya kwanza, zimo. Na pale mwanzo wa steji unaangalia kipande cha sinema kabisa, watu halisi, halafu taratibu kinageuka kuwa gemu na wewe ndio unamwendesha jamaa, kwa mwaka ule ilikuwa kitu cha kutoa macho. Sauti ni za waigizaji wenyewe, Viggo Mortensen, Orlando Bloom, John Rhys-Davies na wengine.

Sasa tatizo la wengi ni hili: wanaingia wanabonyeza batani moja kama wanaua mende, steji mbili tatu za mwanzo zinapita, wakifika steji ya Amon Hen wanachapwa mpaka wanasema gemu ni mbovu. Gemu si mbovu, ina mita yake na hesabu zake, na usipoielewa ile mita utakuwa unapigana na Helm's Deep, zile steji ngumu za mwisho, ukiwa na nguvu za mtu wa steji ya pili. Huu mwongozo nimeuandika hasa kwa ajili ya hiyo mita, steji nitazipitia ila kwa mwendo.

UNAICHEZEA WAPI

Kama una PS2 na CD yake, umemaliza. Hakikisha tu una memori kadi, ile ya MB 8 inatosha na kubaki, kwa sababu bila kusevu pointi zako hii gemu haina maana, unaweza kucheza bila kadi lakini ukizima umeme umeanza upya. CD yenye mikwaruzo huwa inakwama pale sinema inapogeuka kuwa gemu, picha inaganda sauti inaendelea, ukiona hivyo ifute na kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Kwenye kompyuta kuna PCSX2, programu ya kuigiza PS2. Inataka BIOS ya PS2, yaani ile programu ya ndani ya kuwashia mashine, utoe kwenye mashine yako mwenyewe, na gemu utoe kwenye CD yako mwenyewe. Kompyuta isiwe ya kubahatisha sana, ila hizi za kawaida za miaka ya karibuni zinaibeba vizuri tu. Ilitoka pia kwenye Xbox na GameCube mwishoni mwa 2002, na ile ya GameCube unaweza kuicheza kwa Dolphin, programu ya kuigiza GameCube, ambayo yenyewe haikudai BIOS, kwa hiyo mwenye kompyuta dhaifu ajaribu huko kwanza. Humu nitatumia batani za PS2, wa GameCube atafananisha mwenyewe.

Kwenye simu inawezekana kama simu ina nguvu, lakini ndugu yangu nakuomba tafuta pedi ya bluetooth. Kubloki kwenye kioo cha simu kwa kidole gumba, kwa hii gemu, ni kujitafutia presha.

Angalizo moja: ukikuta The Two Towers ya Game Boy Advance usijue ndio hii hii. Ile ni gemu nyingine kabisa, inachezwa kwa kuangalia kutoka juu, na haya ninayoandika hayatakusaidia kule.

BATANI, NA KWANINI X PEKE YAKE HAITOSHI

X ni pigo la haraka. Pembetatu ni pigo zito. Mraba ni kubloki. Ukishikilia L1 unatoa upinde (au vishoka vya kurusha kama ni Gimli) halafu X unaachia. R2 ni ile ya kummaliza aliyeanguka chini. Duara ni kumsukuma mtu akutoke mwilini, na L2 unaruka nyuma.

Pigo la haraka ni la maorki wadogo wadogo wale wasio na ngao. Mwenye ngao ukimpiga X unaisikia tu ngao inalia, hapungui kitu, na wakati huo mwenzake ameshakuzunguka. Ngao inavunjwa na pembetatu. Pigo zito linachelewa kidogo kutoka, kwa hiyo usilianze jamaa akiwa tayari ameinua upanga, subiri ashushe, bloki, halafu ndio uachie pembetatu. Ngao inapasuka, anabaki mikono mitupu upande mmoja, sasa X X unamalizia.

Kubloki ndio moyo wa gemu. Mtazame Uruk-hai, yule orki mkubwa mwenye nguvu, anavyopiga: anarudisha bega nyuma, upanga unapita juu ya kichwa, kuna ka-nusu sekunde hivi anasimama, halafu anashusha. Bonyeza mraba pale anaposhusha, sio pale anapoinua. Ukipatia unaona cheche, yeye anayumba, na wewe una nafasi ya bure kabisa. Wengi wanabonyeza mapema kwa hofu, bloki inaisha upanga ndio unafika. Kaa steji ya Moria ambapo maadui bado wepesi ufanye mazoezi ya hilo tu, acha kuua kwa pupa, mwache orki mmoja akupige umbloki, akupige umbloki, mpaka mkono uzoee.

R2 watu wanaisahau kabisa. Adui akianguka hajafa, anainuka, na wakiwa wanane ukiangusha mmoja ukamwacha ukamgeukia mwingine unakuwa hupunguzi idadi, unazunguka tu. Akianguka simama juu yake bonyeza R2, kimoja, amekwenda. Ila angalia kwanza pembeni kama hakuna aliyeinua silaha, maana ukiwa unachoma wa chini mgongo wako uko wazi.

Kamera huwezi kuizungusha, wao ndio wamepanga iwe wapi. Hii ina madhara yake, adui akitokea upande wa kamera yenyewe, yaani chini ya skrini, unakuwa humuoni mpaka amekufikia. Dawa yake ni kuingia ndani ya picha, sogea mbali na kamera, uwaone wote wanaokuja. Ukijikuta umesukumiwa ukingoni mwa skrini ruka nyuma au sukuma na duara upate upenyo, usijitie ushujaa hapo.

MITA: HAPA SOMA MARA MBILI

Kuna mita inayojaa ukipiga na kushuka ukipigwa au ukizubaa. Kila adui unayemuua anapewa daraja kutokana na mita ilipokuwa wakati ule, na madaraja ni manne, yanaandikwa kwenye skrini: Fair, Good, Excellent, Perfect. Mwisho wa steji wanakuhesabia, wangapi umewaua kwa Fair, wangapi kwa Good, mpaka Perfect, na kila daraja lina uzito wake, na jumla ndio inakupa pointi za kupanda leveli na kununulia mapigo mapya.

Sasa ona. Wawili wanamaliza steji ile ile, wameua maorki idadi ile ile, mmoja kabonyeza X mwanzo mwisho na kupigwa pigwa njiani, karibu wote kawaua kwa Fair. Mwingine kabloki, kachanganya mapigo, nusu ya maadui wake ni Excellent na Perfect. Yule wa pili anatoka na pointi nyingi mno kuliko wa kwanza, anakwenda kununua kombo (mapigo ya mfululizo) kali, steji inayofuata kwake inakuwa rahisi zaidi, anapata Perfect zaidi, ananunua zaidi. Na wa kwanza kila steji anazidi kuachwa. Ni kama mkopo wa riba, ukianza vibaya unazidi kuzama, ukianza vizuri hela inazaa.

Mita inajaaje? Kwanza usipigwe, pigo moja la maana likikupata unarudi chini. Pili changanya, X X pembetatu, bloki, pembetatu X, R2, mshale, usirudie kitu kimoja tu. Tatu usikae kimya, ukimaliza kundi na kundi jingine liko mbele basi kimbia ulifikie mita ikiwa bado juu, vitu vya kuokota utavirudia baadaye. Ikijaa kabisa silaha yako inawaka, na hapo kwa muda mfupi kila unachokigusa kinaanguka na kila kifo kinahesabiwa Perfect. Ukiona silaha imewaka usianze kurusha mishale kwa mbali kumtafuta mtu mmoja juu ya ukuta, ingia katikati ya kundi kubwa uwafagie.

Mbinu ninayoipenda: kuna kundi la watano, wanne wepesi na mmoja mzito mwenye ngao. Watu wanamkimbilia mzito kwanza kwa sababu anatisha. Mimi nasema mzungushe tu huyo, mbloki akikujia, jenga mita kwa wale wepesi, silaha ikiwaka ndio umgeukie yeye, anaondoka kama karatasi. Na amekupa Perfect juu yake.

CHAGUA MMOJA

Una Aragorn, Legolas na Gimli. Kila mmoja ana pointi zake na leveli zake, hawachangii. Ukicheza steji hii na Legolas, ile na Gimli, nyingine na Aragorn kwa sababu unataka kuonja wote, utafika Helm's Deep na watu watatu dhaifu badala ya mmoja mwenye mwili. Chagua mmoja umalize naye gemu, hao wengine utawarudia baadaye, si unaweza kurudia steji ulizomaliza kutoka kwenye ramani.

Aragorn ndio wa katikati, upanga unafika mbali kiasi, upinde anao, kasi anayo. Kama ni mara yako ya kwanza nenda naye, na isitoshe kuna Weathertop ambapo ni lazima umtumie yeye, kwa hiyo pointi za pale haziendi bure.

Legolas visu viwili, haraka sana, na upinde wake ndio bora kuliko wa wote. Raha yake ni steji zenye watu wa kupiga kwa mbali. Ubaya wake visu ni vifupi, lazima uwe karibu, na ukiwa karibu na bloki yako bado haijakaa sawa utaumia.

Gimli watu wanamdharau kwa sababu ya kimo. Wanakosea. Shoka linafagia eneo pana, anawachukua watatu kwa pigo moja, na ngao mbele yake hazikai. Mwendo wake mzito kidogo na vishoka vyake vya kurusha haviendi kasi ya mshale wa Legolas, lakini kwenye steji za kubanana yeye ndio mfalme. Mimi kura yangu ni Gimli, wengi watabisha, wabishe.

UNUNUE NINI

Kati ya steji na steji unaletewa duka la mapigo. Vingine vinafunguka kadiri leveli inavyopanda, na kombo ikinunuliwa wanakuonyesha batani zake kwa mpangilio. Nunua kwa utaratibu huu: uhai kwanza, maana mstari mrefu wa uhai unakupa nafasi ya kujifunza bila kurudia steji. Pili, kombo mbili tu, chukua moja ya kuvunja ngao na nyingine ya kutawanya kundi, uzifanyie mazoezi mpaka zitoke bila kufikiri. Ukinunua kombo sita kwa mpigo hutakumbuka hata moja ukiwa umezungukwa. Tatu ndio silaha ya mbali, isipokuwa kama wewe ni wa Legolas basi hiyo ipandishe iwe ya pili. Mengine yaliyobaki nunua unavyotaka, hela ikibaki haina kazi nyingine.

STEJI KWA STEJI

Utangulizi unamcheza Isildur kwenye vita vya zamani dhidi ya Sauron. Ni darasa la batani tu, usiogope, ila utumie kama darasa kweli, bloki, vunja ngao, malizia na R2.

Weathertop ni wewe Aragorn, na Nazgul, wale watumishi weusi wa Sauron, wanamtaka Frodo mwenye pete. Hapa mwenge ndio mwalimu, hao jamaa wanaogopa moto. Usimkimbize mmoja mpaka mwisho wa uwanja, maana wenzake watakuwa wanamfikia dogo. Kaa karibu na Frodo, anayekaribia mpe mapigo mazito mpaka vazi lake lishike moto, mgeukie anayefuata.

Lango la Moria unatembea pembeni ya maji ukipigana, mwisho linatoka lile dude la ziwani lenye mikono mingi. Mikono ikija kata, usiangalie kichwa mpaka kitoke juu ya maji, kikitoka ndio mishale au vishoka. Maana yake ni nini, usimalize mishale kwa maorki wa njiani! Fika pale ukiwa umejaa.

Kaburi la Balin ni chumba kimoja ndani ya Moria, wanaingia kwa mafungu, kisha linaletwa jitu la pangoni. Mafungu ya mwanzo ndio chakula cha mita, wafaidi. Jitu sio la kubloki, likiinua mkono ondoka, ruka nyuma, lipige kwa mbali, likishamaliza kupiga ndio dirisha lako. Na maorki wadogo wataendelea kukusumbua wakati huo huo, wasafishe kwanza wakizidi wawili watatu, maana wanachofanya ni kukushikilia wewe usiweze kukwepa.

Amon Hen ndio mtihani wa kwanza wa kweli. Uruk-hai sio maorki, wana ngao, wanapiga kwa nguvu, na wakati mwingine anakuja mmoja kwa mbele mwingine anakulenga kwa mbali. Sheria yangu: mpiga mishale auawe kwanza siku zote, hata kama ni kutembea mbali kumfuata, kwa sababu mshale mmoja ukikupata katikati ya kombo mita imeshuka na kazi yote imepotea. Mwisho kuna Lurtz, mkuu wa hao Uruk-hai. Akiwa na upinde jifiche kwenye nguzo, hazipo pale kama pambo. Akija kwa upanga usimwanze wewe. Mwache apige, mbloki au mkwepe, akikosa anabaki wazi kidogo, mpe mawili matatu, rudi nyuma. Watu wanakufa kwa Lurtz kwa sababu ya tamaa ya pigo la nne. Matatu, nyuma. Matatu, nyuma. Inachosha lakini anaanguka.

Fangorn msitu, giza giza, wanatokea kati ya miti na kamera inakubana. Tembea taratibu, kila unapoona uwazi simama waje wao. Kuna majitu tena, ni yale yale ya Moria kwa kanuni.

Halafu unaingia Rohan, nyanda, Westfold na pengo lenyewe (Gap of Rohan). Kwenye kijiji kinachoungua usikimbilie kila moto, angalia nani yuko hatarini na nani anawaka tu. Steji za hapa zina nafasi pana kuliko kwingine, ndio mahali pazuri pa kurudia kutafuta pointi, mimi mtu akiniambia kakwama Helm's Deep swali langu la kwanza ni Rohan kairudia mara ngapi. Kwenye pengo wanakuja wapanda mbwa mwitu wakubwa, wale wargi, pamoja na mkuu wao Sharku. Mnyama anakuja kwa kasi moja kwa moja, simama, sogea pembeni dakika ya mwisho, mpige akipita. Ukimkimbia kwa mstari ulionyooka anakufikia tu.

Helm's Deep, ngome ya watu wa Rohan, ni steji tatu. Ya kwanza juu ya ukuta: ngazi! Ngazi zikishapanda zikaachwa, ukuta unajaa Uruk-hai mpaka huna pa kukanyaga, kwa hiyo macho yako yawe kwenye ngazi kuliko kwenye maadui. Ua waliokuzuia njia, fika ngazini, sukuma, nenda inayofuata, mita utaijenga ukiwa njiani. Ya pili ukuta umeshapasuliwa, hapo ni vurugu tupu, tafuta sehemu yenye ukuta nyuma yako ili waje kutoka upande mmoja. Ya tatu ni uani Hornburg na hii ndio inawarudisha watu nyuma kuliko zote, kwa sababu mlango ukivunjwa umepoteza hata kama wewe una uhai umejaa. Usivutwe na vita za pembeni. Anayegonga mlango ndio wa kwanza, hata kama nyuma yako kuna watatu wanakuchapa. Ukishamtoa pale mlangoni ndio uanze kuhesabiana na hao wengine, na kama uliweka pointi kwenye kombo ya kutawanya kundi basi leo ndio siku yake.

CHITI

Najua mnazisubiri. Simamisha gemu, shikilia L1, L2, R1 na R2 zote nne kwa pamoja, ukiwa umeshikilia bonyeza:

Kujaza uhai: pembetatu, chini, X, juu.
Kujaza mishale: X, chini, pembetatu, juu.
Pointi 1000: X, chini, chini, chini.
Mapigo ya leveli 2: duara, kulia, duara, kulia.
Ya leveli 4: pembetatu, juu, pembetatu, juu.
Ya leveli 6: mraba, kushoto, mraba, kushoto.
Ya leveli 8: X, X, chini, chini.

Kuna nyingine zinakubali ukishamaliza gemu tu. Kutokufa ni pembetatu, mraba, X, duara. Mishale isiyoisha ni mraba, duara, X, pembetatu. Maadui kuwa wadogo kama watoto wa chekechea ni pembetatu, pembetatu, X, X, na hiyo ijaribu hata kama hutaki chiti, utacheka. Mwendo wa taratibu ni pembetatu, duara, X, mraba.

Ushauri wangu ile ya pointi 1000 achana nayo mara ya kwanza. Sio kwa sababu ya uadilifu, wala, ni kwamba ukipewa mapigo yote kabla mkono haujajua kubloki utafika mbele na silaha kali na mchezo wa kitoto. Ya kujaza mishale kabla ya lile dude la ziwani, hapo sikulaumu.

ORTHANC

Ukimaliza gemu na mtu wako akafika leveli 10 linafunguka jengo la mchawi Saruman, Orthanc, ghorofa 20, kila ghorofa kundi lake, na ni safari moja, ukifa kwenye ya 17 unaanza ya 1. Hapa ndio utajua kama ulijifunza mita au ulibahatisha.

Ghorofa za chini usitumie mshale hata mmoja. Hizo ni za kisu, za kuokota uhai wanaodondosha, na za kupasha mkono. Na uhai ukiona umedondoka na wewe umejaa, uache, malizia wa mwisho taratibu, ukijeruhiwa kidogo ndio uuchukue kabla hujapanda. Unaweza hata kumwacha orki mmoja dhaifu akiwa hai makusudi ili upate nafasi ya kuokota kila kitu kwa utulivu, maana chumba kikiisha watu unasonga mbele. Kuanzia katikati wanakuja mchanganyiko, ngao na wapiga mbali kwa pamoja, rudi kwenye sheria ya Amon Hen, wa mbali kwanza. Majitu yakiingia weka nguzo au kona kati yako na yeye, hapo ndio mishale uliyoitunza inapofanya kazi.

Ukitoboa unafunguliwa Isildur, na unaweza kumrudisha kwenye steji zote za nyuma. Ana nguvu mno, vita za Moria anazimaliza kama anafagia ukumbi. Pia kuna mahojiano na waigizaji na picha za nyuma ya pazia zinazofunguka kadiri unavyosonga, mwenye kupenda sinema asizipite.

Ukishamalizana na hii, tafuta The Return of the King ya 2003, EA wenyewe waliiunda safari hii. Kubloki ni kule kule, madaraja yale yale, ila humo unapata Gandalf na Sam, njia zinagawanyika tatu badala ya kwenda mstari mmoja, na kubwa zaidi mnacheza wawili kwa pamoja kwenye skrini moja. Kwa hiyo andaa pedi ya pili, na mwenzako asome kwanza ile sehemu ya mita kabla hajaishika.